Rundo la Mawe Njia ya Kwihara

Matembezi yangu na wageni yalianzia stesheni ya Tabora. Tulikutana asubuhi mbele ya lile jengo la Wajerumani, nami nikawaeleza habari za reli, kwa kuwa ndizo nilizozijua kuliko zote. Nilikata tiketi katika dirisha la pale kwa miaka ishirini na sita. Kutoka hapo tulifuata barabara yenye miembe, tukasimama mbali kidogo na Boma na kulitazama, tukateremkia sokoni, tukapita mitaa yenye nyumba za zamani za Waarabu na maduka ya Wahindi, mpaka mji ukaisha. Kisha tulishika njia ya Kwihara, kwenda kwenye tembe jekundu alikokaa yule Mzungu mpelelezi akingoja wapagazi wake kutoka pwani.

Kwa mwendo wa mgeni ni zaidi ya saa mbili, na kipande cha mwisho kinachosha. Nyumba zinaisha, mchanga unaanza, jua linakupiga utosini na hakuna cha kuonyesha. Misafara ilipita hapo, hilo ni kweli, lakini msafara hauachi ukuta wala mlango. Unapita tu. Katika kipande hicho, pasipo na kitu, ndipo nilipoweka uongo wangu. Mahali nilipouweka ni shamba la mdogo wangu, na aliyebaki kulilima baada ya yeye kufariki ni mkewe.

Nimekwisha kusema habari hii kwa mdomo, kwa watu wengi. Naiandika kwa sababu kusema hakukusaidia.

Mtu wa kwanza kuusikia uongo huo alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka nchi za baridi, mwalimu aliyestaafu, aliyekuja peke yake. Tulipofika shambani kwa mdogo wangu alikuwa amechoka, akaketi kwenye kivuli chembamba cha mninga. Kando yake palikuwa na kichuguu kilichobomolewa. Mdogo wangu alikuwa amekichimba akitafuta udongo wa matofali, na juu ya kilichobaki alirundika mawe aliyoyaokota wakati wa kulima.

"Na hapa palikuwa na nini?" yule mama akaniuliza.

Ningejibu kwamba hapa ni shamba la mdogo wangu, analima viazi na karanga. Lilikuwa jibu zuri na la kweli. Lakini nilikuwa nimemweleza habari za reli akapiga miayo, nimemweleza habari za Boma akatazama saa. Nikamwambia kwamba chini ya mawe yale wamelala wapagazi waliokufa njiani, wakibeba meno ya ndovu kwenda pwani, na kwamba kila mpagazi aliyepita aliweka jiwe moja kwa ajili ya mwenzake.

Akavua kofia. Akalia, bila sauti, machozi yanashuka tu. Kisha akaokota jiwe, akaliweka juu ya rundo kwa mikono miwili kama anaweka kikombe kilichojaa.

Naomba msomaji anielewe, si anisamehe. Miaka ishirini na sita watu waliniona kupitia tundu la dirisha wakinitajia jina la stesheni: Kaliua, Urambo, Kigoma. Hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile. Mgeni aliyefuata nilimweleza hivyohivyo, nikamwambia naye aweke jiwe. Na wa tatu. Baadaye mawe ya karibu yakaisha, nikawa nawaambia waokote jiwe tangu mwisho wa nyumba na kulibeba, ili waonje uzito wa mzigo. Hilo walilipenda sana.

Mdogo wangu alikuwa akitutazama akiwa ameegemea jembe lake. Wageni wakiondoka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, wewe kiboko. Mimi natoa mawe shambani, wewe unaniletea Wazungu wayarudishe!"

"Nyamaza, watakusikia."

"Waambie basi wang'oe na magugu kwa ajili ya marehemu."

Yeye alijua. Mkewe, aliyemwoa baadaye, wote wawili wakiwa watu wazima, hakujua. Alikuwa ametoka Choma, huko Igunga, kwao wanafuga ng'ombe, na habari za njia hii alizisikia kwangu mimi shemeji yake mkubwa, niliyesoma mpaka kidato cha nne. Alipolima alipazunguka pale. Aliacha nafasi ya majembe matatu kila upande, mahindi yakisimama mbali kama watu kwenye msiba. Jumapili akitoka kanisani alipita hapo akapiga ishara ya msalaba. Nilimwambia mdogo wangu amweleze ukweli. Akasema, "Mwache, hamdhuru mtu. Nikimwambia sasa atasema mimi na wewe tulikuwa tunamcheka." Tukamwacha. Uamuzi huo ulikuwa wetu sote wawili, lakini aliyeuleta uongo ni mimi.

Mdogo wangu aliugua kwa muda mfupi akafa. Tulimzika Ntalikwa, walikolala wazazi wetu. Baada ya hapo mkewe alibaki peke yake, kwa kuwa hawakujaliwa watoto, na kwa kuwa Ntalikwa ni mbali na kwake, akawa anakwenda kwenye lile rundo. Nilimkuta mara nyingi ameketi hapo na kisu na beseni, anakata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani vikauke, anaongea. Nilidhani anasali. Siku moja nilisogea, nikasikia anawaambia wale wapagazi, "Nyinyi mnajua njia ya huko. Mkimwona, mwambieni paa la jikoni nimeshaezeka."

Nilirudi nyuma taratibu. Ningeweza kusema siku hiyo. Sikusema.

Katika mazishi ya mdogo wangu ndipo nilipomzoea afisa mmoja wa serikali. Alikuwa kijana wa Kigogo, mwembamba, aliyeletwa Tabora na ofisi yake kushughulikia mambo ya kale. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo nao wakawatoza hongo ili wanywe maji. Alikuja msibani bila kualikwa, kama mtani anavyopaswa, akaruka na kuketi juu ya udongo wa kaburi.

"Hapiti mtu hapa! Kwanza kaburi lenyewe fupi. Mnyamwezi analala na mzigo wake, huo mzigo mtauweka wapi?"

Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, nikamtupia kuku aliyemdai, akainuka. Tangu siku hiyo nikampenda. Kila tulipokutana mjini ilikuwa vita.

"Shikamoo, mpagazi wangu! Leo umebeba nini?"

"Marahaba, mla hongo. Nimebeba akili. Najua kwenu haikupita."

"Ilipita, tukaikagua, tukaona ni nyepesi, tukaiachia iende."

Ofisi yake ilitaka kutengeneza njia ya matembezi yenye vibao, kutoka stesheni hadi Kwihara. Nikamtembeza njia yangu yote. Stesheni aliandika mistari miwili. Boma, mistari miwili. Tulipofika kwenye rundo hakuandika. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani wowote mdomoni.

"Unajua, mzee," akasema, "njia hii yote ni ya wengine. Jengo la Mjerumani, mlango wa Mwarabu, tembe la Mzungu. Hapa tu ndipo penye sisi."

Hakukosea. Hicho ndicho kilichoniziba mdomo. Alichokitafuta ni cha kweli, wapagazi walikufa kweli, nao lazima wamelala mahali fulani kando ya njia ile. Ila si hapo, wala mimi sijui wapi.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu alieleza kwamba eneo la rundo litahifadhiwa, hatua hamsini kila upande, kusilimwe wala kujengwa. Shamba lote la mke wa mdogo wangu, pamoja na nyumba yake, liko ndani ya hatua hizo. Atapewa kiwanja upande mwingine. Lakini kwanza, akasema, tunaye mtaalamu wetu wa historia, asimame athibitishe mbele ya wananchi kwamba mahali hapo ni pa kale.

Mtaalamu. Watu waligeuza shingo. Mke wa mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele amejifunika kanga, ananitazama kwa imani kabisa.

Nilisimama ili nikatae. Nasema hivi na sitarajii kuaminiwa. Nilisimama nikiwa na maneno tayari, kisha mwenyekiti akasema, "Karibu, mwalimu," nami ambaye sijawahi kufundisha hata siku moja nikasikia nafsi yangu ikitandaza mbawa. Nikathibitisha. Nikaongeza hata kwamba babu yangu mzaa baba alinionyesha mahali hapo kwa kidole. Makofi yakapigwa. Nikaweka sahihi kwenye muhtasari wa mkutano.

Waliponiketisha, mwenyekiti alimwuliza mke wa mdogo wangu kama ana pingamizi. Sheria iliwataka wamwulize. Nilishusha macho nikaomba moyoni akatae, apige kelele, awatukane wote, mimi wa kwanza.

"Sina pingamizi," akasema. "Watu waliokufa na mizigo kichwani, mimi ni nani niwanyime mahali pa kulala?"

Akaweka dole gumba.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Watu wa vipimo walikuja wakachimbia bikoni, vile vijiguzo vya saruji, kimoja kikakaa katikati ya jiko lake la nje. Aliambiwa asilime tena; mvua ikianza kunyesha awe amehama. Kiwanja alichopewa nilikwenda kukitazama. Mchanga mtupu, mweupe kama chumvi, kisima cha karibu ni mwendo wa saa nzima. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, peke yake. Nikamkuta ameanza kufungua mabati ya jikoni.

"Shemeji, hutaki hata kulalamika kidogo?"

"Nilalamike nini? Mwaka wa tatu huu wananitunza. Sasa ni zamu yangu."

Nilikwenda mjini siku hiyohiyo. Hapa lazima nieleze kosa ambalo ni kubwa kuliko lile la kwanza. Marehemu baba yangu akiwa na jambo zito na mtani wake, hakulipeleka mwenyewe. Alimtuma mtu mwingine, asiye mtani, alifikishe. Kwa sababu baina ya watani hakuna tusi, hakuna ugomvi, wala hakuna ungamo. Chochote kikisemwa ni mzaha. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini kumtuma mtu kungenilazimu nimweleze mtu huyo kwanza, mtu wa mtaani kwangu, anayenisalimia kwa heshima. Basi nikaenda mwenyewe kwa mtani wangu. Nilitaka kuungama mahali ambapo ungamo halina uzito. Nikapata nilichokitafuta.

Alikuwa ofisini na wenzake wawili.

"Jamani, mpagazi kaja! Tua mzigo, mzee, upumzike."

"Mtani, lile rundo ni uongo. Nililitunga mimi. Ni mawe ya shambani."

Akawatazama wenzake. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Mnaona Mnyamwezi? Mmeona? Tumemaliza kuandika, tumepeleka juu, sasa anataka tumbembeleze! Hii ni hongo anarudisha. Babu zangu walimtoza maji, leo yeye ananitoza historia!"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akavua miwani.

"Nasema kweli. Naapa."

"Anaapa! Mnyamwezi anaapa! Mpeni kiti, atadondoka."

"Mtani, nakuomba—"

"Sikia, mzee. Hata kama umelitunga, umelitunga vizuri. Kalitunge na la pili, tuna kilomita tatu hazina kitu."

Nilirudi mara ya pili nikamkuta peke yake. Akacheka kidogo zaidi ya mara ya kwanza, akaninunulia chai. Mara ya tatu nilipiga magoti. Akapiga magoti naye, tukatazamana sakafuni, akasema, "Nani sasa atamwinua mwenzake?" Kutoka hapo akawa anaisimulia hadithi ya mpagazi aliyekana makaburi ya babu zake ili mtani asipate sifa. Watu nisiowajua walinisimamisha barabarani wakicheka.

Nikaandika barua. Niliiandika kwa mwandiko safi, na kuipeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa aliisoma mbele yangu, akafungua faili, akatoa muhtasari wa mkutano, akaiweka sahihi yangu ya barua kando ya sahihi yangu ya muhtasari. Zilifanana.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "ipi kati ya hizi ndiyo yako?"

"Zote."

"Na huyu mama anayehamishwa ni nani kwako?"

"Mke wa marehemu mdogo wangu."

Alikunja barua polepole. Hakunikaripia. Alisema anaelewa, damu ni damu, hata yeye angejaribu.

Oktoba ilikuwa inaisha. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa magharibi kila alasiri na kutawanyika bila kunyesha. Nilihesabu siku kwa kutazama mawingu hayo. Nikawaza: maneno yangu hayana thamani tena, basi wachimbe waone wenyewe. Na kama hawachimbi, nitachimba mimi. Nitawaonyesha shimo, na katika shimo kichuguu, na katika kichuguu hakuna mtu.

Nilikwenda asubuhi, mke wa mdogo wangu akiwa kanisani. Nilichukua sururu na jembe kutoka stoo ya mdogo wangu. Kuondoa mawe kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Miaka mingi ya wageni, kila mmoja na lake. Mengine yalikuwa yameandikwa majina kwa kalamu za wino. Mgongo uliniuma nikawa natupa nikiwa nimepiga magoti. Nilipofika kwenye udongo nilichimba bila mpango, huku na huku, nikitupa nyuma, mpaka nikafika kiunoni. Udongo mwekundu wa kichuguu, mizizi, mchwa. Hakuna kingine. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja niliposikia sauti juu yangu.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alikuwa amevaa nguo za kanisani, rozari mkononi.

"Tazama. Hamna mtu humu."

"Toka. Toka kwenye kaburi la watu."

"Si kaburi! Hapakuwa na kaburi hata siku moja. Ni kichuguu, mumeo alichimba matofali hapa kabla hajakuoa. Maneno yale niliyatunga mimi, nikiwapendeza wageni. Usihame. Kawaambie hukubali, mimi nitasimama nawe. Usihame kwa ajili ya watu ambao hawapo."

Alichuchumaa pembeni ya shimo, akashika donge la udongo na kulivunja kwa vidole, kama anavyofanya mtu anayekagua shamba. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa.

"Marehemu alijua?"

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa neno moja. Lingemwachia mume wake mzima, na mzigo wote ungebaki kwangu peke yangu. Nilifungua mdomo ili niseme hapana, lakini nilikuwa ndani ya shimo lililochimbwa na neno la namna hiyohiyo.

"Alijua."

"Alikuwa ananiona nikipiga ishara ya msalaba?"

"Alikuwa anakuona."

"Mkacheka?"

"Hatukukucheka wewe. Tulicheka mwanzoni, kabla hujaja."

"Na baadaye, nilipokuwa naongea hapa, naye keshakufa. Wewe ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kwake na kufunga mlango. Sikusikia akilia. Ningependa kusema kwamba nilimsikia.

Mtani wangu alifika mchana, kwani watu wa mtaa walikuwa wamempigia simu. Alisimama pembeni ya shimo. Niliketi juu ya mawe, sururu miguuni, nguo nyekundu kwa udongo.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Hakuniita mpagazi. Nilielewa kwamba sasa ananiamini, na moyo wangu ukaruka.

"Umeona? Hamna kitu. Andika hivyo. Andika leo, asihame."

Aliteremka shimoni, akapapasa kuta zake, akainua sehemu ya udongo niliotupa, akauacha uanguke. Alipopanda alikuwa na uso wa mtu mgonjwa.

"Mzee, umenifanyia nini?"

"Nimekuonyesha ukweli."

"Ungeliacha lilivyokuwa, ningeomba wataalamu waje. Wangechimba taratibu, tabaka kwa tabaka, wangeona udongo haujaguswa, wangeandika hapakuwa na mtu, shamba lingerudi kwa mama. Sasa umevuruga kila kitu. Wakija wasikute mifupa, watasema umeitoa wewe. Ndugu wa mwenye shamba, alfajiri, na sururu."

"Haikuwa alfajiri. Ilikuwa asubuhi, watu wananiona."

"Wamekuona ukifanya nini?"

Nilitazama sururu miguuni kwangu.

"Mbona ulipokuja ofisini hukunitumia mtu?" akauliza, na sauti yake ilikaribia kupasuka. "Wewe mtu mzima, unajua taratibu. Ningejuaje?"

Jibu la hilo nilikuwa nalo, nikaona haya kulitoa. Kusema kweli, alijitahidi kwa ajili yetu. Aliandika ripoti nyingine, akaeleza jinsi alivyochukulia maneno yangu kwa mzaha, akajitia lawamani mwenyewe mbele ya wakubwa. Jibu lilirudi baada ya wiki chache. Mahali hapo pamevurugwa na mtu mwenye maslahi. Ushahidi wa mtu huyo hauwezi kutegemewa. Eneo litabaki limefungwa mpaka uchunguzi kamili ufanyike. Uchunguzi utafanyika lini, haikuandikwa. Alinisomea mwenyewe, tumesimama barabarani mbele ya soko, kisha akanipa mkono na kuondoka. Hatujataniana tena. Tukikutana ananipa shikamoo, naitikia marahaba, tunapita.

Mvua ilinyesha siku ya tatu baada ya jibu hilo. Mke wa mdogo wangu alihama akilowa, mabati kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Hakwenda kwenye kile kiwanja cha mchanga. Nilikuwa na shamba langu Ntalikwa, nililoachiwa na baba, na nilikwenda kwa mwenyekiti wa huko nikaandikisha kwamba ni lake, si la kuazima, na mashahidi watano wakatia sahihi. Niliwataka watano kwa kuwa najua sahihi yangu peke yake ina kasoro. Nikampelekea karatasi, na mashahidi wakafuatana nami. Alitaka asomewe yote, akawauliza mashahidi mmoja mmoja kama ni wao walioandika, kisha akaikunja na kuiweka kifuani. Hakusema asante na sikuitegemea. Kuna mambo ambayo shamba halilipi. Alikuwa na mtu wa kuongea naye, hata kama ni mawe, na mimi nimemwachia kaburi la mumewe lililo umbali wa hatua chache kutoka kwenye mlango wake mpya. Jirani zake wanasema halikaribii.

Wageni sitembezi tena. Wapo wengine wanaofanya kazi hiyo. Nasikia kwenye rundo, ambalo lilirudishwa mahali pake, wanasimama kwa muda mrefu kuliko hata tembeni.

Wiki iliyopita nilikwenda Ntalikwa nikiwa na jembe, nikidhani nitamsaidia shemeji matuta. Alikuwa amesimama na fundi, wanapima mahali pa kujenga jiko, kwenye mteremko upande wa mto. Ni mto mdogo, miezi mingi ya mwaka hauna maji, mgeni hawezi hata kujua kuwa ni mto. Lakini mvua zikizidi unatoka, unafika mpaka pale walipokuwa wamesimika vigingi. Nimeuona kwa macho yangu mara mbili nikiwa mtoto. Mara ya pili ulichukua ghala la baba.

"Shemeji," nikamwambia, "hapo msijenge. Mto hufika hapo."

Fundi akaacha kamba ilegee. Shemeji alinitazama usoni, kwa makini, bila hasira, namna mtu anavyoitazama noti iliyochakaa akiigeuza kwenye mwanga.

"Nani mwingine anajua hilo?"

Nikamtajia jirani wa upande wa pili, mzee aliyekulia hapo kama mimi. Akamwambia fundi asubiri. Akaivuka mipaka ya shamba, kanga ameifunga kiunoni, akaenda kumwuliza. Nami nikabaki pale nimeshika jembe, nikiomba yule mzee awe nyumbani, na awe anakumbuka.